Kamera za mji na kitufe nilichokiandika mimi

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha wala simu ya kuichambua. Nataka tuzungumze kuhusu kamera, zile ambazo serikali za mitaa huzitundika juu ya nguzo sokoni, barabarani na kwenye steji za matatu. Mtu akiziona kwa mara ya kwanza huuliza, "Hizi zinatuona?" Ndiyo, zinatuona, hiyo ndiyo kazi yake. Swali ambalo mimi fundi nilichelewa kujiuliza ni jingine: picha ikishaingia ndani ya mashine, ni nani anayeweza kuitoa?

Swali hilo nilifundishwa na aibu, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Mwaka 2017 nilipata kazi ndogo ya mkataba. Ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, ilikuwa imeweka kamera 6 kuzunguka soko na steji ya mji mmoja mdogo. Kamera zenyewe zilikuwa nzuri. Tatizo lilikuwa programu iliyokuja nazo. Ilikuwa nzito, menyu zake hazieleweki, na ukitaka kutazama tukio la juzi utahangaika nusu saa. Nikaombwa niandike kitu rahisi: chagua kamera, chagua tarehe, chagua saa, tazama. Na ukipata unachokitafuta, bonyeza kitufe kimoja video iende kwenye flashi, ili polisi wakija wasisubiri.

Kitufe hicho nilikiandika jioni moja. Kilikuwa cha kijani, na nilijivunia kwamba hakiulizi maswali. Unabonyeza, video imetoka. Kwenye pembe ya juu kushoto ya kila video niliweka tarehe na saa kwa rangi ya manjano, na kwa mazoea yangu saa niliitenganisha kwa nukta moja moja, 10.42.17, si kwa nukta mbili kama wengi wafanyavyo. Ofisi ikafurahi. Nililipwa kwa wakati, na nyinyi mnaofanya kazi za mikataba mnajua hilo si jambo la kila siku.

Mwaka uliofuata binamu yangu alituma video kwenye kundi letu la familia la WhatsApp, pamoja na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Mama mmoja muuza mboga anaonekana amesimama kando ya beseni lake la nyanya. Ghafla anaanguka, mwili unatetemeka, nyanya zinabiringika hadi chini ya matatu. Watu wanakimbia huku na huko. Aliyeikata video alikuwa ameiwekea muziki, na inaisha mama akiwa bado chini.

Ni kifafa. Ukiwahi kuishi na mtu mwenye kifafa utakijua mara moja. Lakini kundini watu walikuwa wakiulizana kama ni mapepo, na mwingine akasema ni pombe ya asubuhi. Mimi sikuweza kuandika neno. Nilikuwa nikitazama pembe ya juu kushoto. Maandishi ya manjano, 10.42.17. Saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi, kwa nukta zangu mwenyewe.

Kesho yake nilikwenda kwenye ofisi ile. Nikaomba kuona ni nani aliyeitoa video hiyo. Mkubwa wa chumba cha kamera akanitazama kama ninayemtania. "Si wewe ndiye uliyetengeneza? Hebu tuambie wewe." Na kweli, jibu lilikuwa kwangu, na jibu lenyewe ni kwamba haiwezekani kujua. Programu yangu haikuandika popote nani amebonyeza kitufe. Tena watu 8 walikuwa wakiingia kwa jina moja, admin, na nywila ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kioo cha kompyuta. Hapo sikuwa na mtu wa kumlaumu.

Nikatazama video nzima pale ofisini. Sekunde 40 hivi baada ya mahali ilipokatwa, makanga mmoja anapiga magoti, anamgeuza yule mama ubavu, anavua koti lake na kumwekea chini ya kichwa. Hayo hayakutumwa kwa mtu yeyote.

Nilipolalamika, mkubwa yule alinijibu neno ambalo nimelisikia mara nyingi tangu hapo: "Lakini kijana, si ilikuwa hadharani? Watu wote wa steji walimwona."

Sikuwa na jibu siku hiyo. Nilikwenda kulitafuta, na nikalipata mbali, katika mji wa Uingereza unaoitwa Brentwood, ulioko jimbo la Essex, mashariki ya London.

Waingereza walianza mambo haya mapema. Bournemouth, mji wa pwani ya kusini, ulikuwa na kamera za barabarani tangu mwaka 1985. Kisha mwaka 1993, katika jengo la maduka la Bootle, karibu na Liverpool, mtoto ambaye hakuwa ametimiza miaka 3 alichukuliwa na wavulana wawili, kila mmoja na miaka 10, wakamuua. Kamera ya pale ilikuwa imenasa akiongozwa kwa mkono kutoka nje. Picha hiyo nchi nzima iliiona, na tangu hapo ikawa vigumu kwa diwani yeyote kusimama na kupinga kamera. Mwaka 1994 Bunge lilipitisha sheria iliyoyapa mabaraza ya miji mamlaka ya kuziweka ili kuzuia uhalifu, na serikali kuu ikatoa fedha.

Brentwood ulikuwa mmoja wa miji iliyoweka. Usiku wa tarehe 20 Agosti 1995, saa tano na nusu, mtu mmoja alikuwa akitembea peke yake kwenye barabara kuu ya mji huo. Alikuwa amelemewa na msongo wa mawazo, na mkononi alikuwa na kisu cha jikoni. Alikuwa amekusudia kujidhuru. Mwangalizi wa kamera za baraza aliona kisu, akawaarifu polisi. Polisi walifika, wakamnyang'anya kisu, wakampa huduma ya kwanza, wakampeleka kituoni ambako daktari alimwona, kisha wakamrudisha nyumbani. Hakushtakiwa kwa kosa lolote.

Hadi hapo naomba tukubaliane: kamera ilifanya kazi njema. Huenda ilimwokoa. Mtu huyo mwenyewe, alipofika mahakamani baadaye, hakulalamika kwamba alirekodiwa, na alikiri kwamba kamera zile huenda ziliokoa maisha yake.

Shida ilianza Oktoba mwaka huohuo. Baraza lilitaka kuonyesha wananchi kwamba fedha za kamera hazikupotea. Likachapisha picha mbili za usiku ule katika jarida lake la habari za kamera, likieleza jinsi hatari ilivyozuiwa. Uso wa mtu yule ulionekana wazi. Siku chache baadaye gazeti la mji likaweka picha ukurasa wa mbele, kisha gazeti jingine, kisha televisheni ya eneo lile, iliyokuwa na watazamaji wapatao 350,000. Machi 1996 ikafika BBC, katika kipindi cha uhalifu kilichotazamwa na watu milioni 9 hivi. Baraza lilikuwa limeomba uso ufichwe. Ulifichwa vibaya, na katika matangazo mafupi ya kukitangaza kipindi haukufichwa kabisa. Ndugu na marafiki walimtambua. Mara ya kwanza yeye mwenyewe kujua kwamba picha zake zinazunguka, ni jirani aliyemwambia mwenzi wake kuwa amemwona kwenye televisheni.

Kesi hiyo inajulikana kwa jina lake, na mwanasheria yeyote atakutajia. Mimi sioni sababu ya kuliandika hapa.

Alipokwenda Mahakama Kuu ya Uingereza alishindwa mwaka 1997: jaji aliona kwamba baraza halikuvunja sheria iliyokuwepo. Akaendelea hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyoko Strasbourg, Ufaransa. Huko, tarehe 28 Januari 2003, alishinda, akapewa euro 11,800 kwa mateso ya moyo. Serikali ya Uingereza ilitoa hoja ileile ya mkubwa wangu wa chumba cha kamera: ilikuwa barabarani, kila mtu angeweza kumwona. Mahakama ikajibu kwamba ndiyo, alikuwa barabarani, lakini hakuwa kwenye mkutano wala sherehe, na hakuwa mtu mashuhuri. Mpita njia angemwona mara moja na kupita. Kutazamwa na mamilioni ni kitu kingine kabisa, na hakuna mtu anayetembea usiku katika mji wake ambaye angetarajia hilo.

Hilo ndilo jibu nililokosa siku ile ofisini. Waliokuwa steji walimwona mama yule wakiwa naye palepale. Makanga alimwona, akavua koti. Sisi tuliomwona kwenye simu hatukuwa na la kufanya ila kucheka au kunyamaza.

Lakini kilichonigusa zaidi kama fundi ni sehemu nyingine ya hukumu. Mahakama haikusema baraza lisiwe na kamera, wala haikusema ni kosa kuwaeleza wananchi kazi ya kamera. Ilisema baraza lilikuwa na njia tatu ambazo lingeweza kufuata. Kwanza, lingewauliza polisi mtu huyo ni nani, limtafute, limwombe ruhusa. Pili, lingeuficha uso lenyewe kabla ya kutoa picha. Tatu, kama linawaachia vyombo vya habari kazi ya kuuficha, lingehakikisha kwa uangalifu mkubwa kwamba wameuficha kweli. Mbili za kwanza halikuzijaribu, na ya tatu lilifanya nusunusu, mara nyingine kwa maneno ya mdomo tu.

Soma tena mambo hayo matatu. Mimi nilipoyasoma sikuona sheria, niliona orodha ya kazi za kuandika. Ruhusa, ukungu usoni, ufuatiliaji. Kila moja ni ukurasa wa programu. Mwaka 1995 baraza lilihitaji karani, kanda ya video na barua ili picha itoke. Mimi nilikuwa nimeyafupisha yote kuwa kitufe cha kijani.

Nikarudi ofisini na kujitolea kuandika upya sehemu hiyo bila malipo. Nitaeleza nilichofanya, maana huenda wengine wenu mna mradi wa namna hii.

Kila mtu alipata jina lake na nywila yake, admin ikafutwa. Kila mara mtu anapofungua video ya siku zilizopita, programu inaandika nani, saa ngapi, kamera gani, dakika gani, na yeye mwenyewe hawezi kufuta maandishi hayo. Kutoa video kunahitaji watu wawili, mmoja anaomba na kuandika sababu, mwingine anakubali. Video hutoka ikiwa na ukungu kwenye nyuso zote. Ukitaka ya wazi, lazima uweke nambari ya OB ya polisi. Kila nakala ina nambari yake iliyofichwa ndani ya picha, ili ikionekana kwenye simu za watu tujue imetoka kwa nani. Na baada ya siku 30 video ambayo haikuombwa na mtu inajifuta.

Hakuna ufundi mkubwa hapo. Kazi nzima ilinichukua kama wiki mbili, na ukungu wa nyuso ndio uliokula siku nyingi.

Wiki ya kwanza nilipigiwa simu kila siku. "Kijana, umetufungia mlango wetu wenyewe." Polisi walikuja kutafuta mwizi wa pikipiki wakasubiri dakika 20 kwa kuwa mtu wa pili alikuwa amekwenda chai. Sikatai, hiyo ni hasara ya kweli. Nilichosema ni kwamba zile dakika 20 ndizo zingemtosha mtu kujiuliza kama ana haja ya kupeleka video ya mama aliyeanguka kwa rafiki zake. Wakanung'unika, wakazoea.

Laiti ningemalizia hapo. Mwaka 2020 mkataba wa ofisi ile ulikwenda kwa watu wengine. Nilipokwenda kukabidhi, mrithi wangu alinionyesha programu yake kwa furaha, kijana mwenye bidii kama nilivyokuwa. Ilikuwa nzuri kuliko yangu, na ilifunguka hata kwenye simu. Kwenye pembe ya chini kulikuwa na kitufe. Nikamuuliza kinafanya nini. Akakibonyeza, na video ikatoka. Nikamsimulia habari za Brentwood hadi chai ikapoa. Alinisikiliza kwa heshima.

Hapo nikaelewa kwamba jambo hili haliwezi kukaa mikononi mwa fundi mmoja, hata awe na nia njema namna gani. Fundi huondoka. Kinachobaki ni sheria, na watu wanaouliza.

Sheria tunayo. Kipengele cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Mwaka 2019 tukapata Sheria ya Ulinzi wa Data, na mwaka uliofuata akateuliwa Kamishna wa kuisimamia. Kwa sheria hiyo, picha inayoweza kukutambulisha ni data yako, hata kama imechukuliwa na kamera ya kaunti. Habari za afya yako zinalindwa zaidi, na kifafa ni afya. Una haki ya kumwuliza anayehifadhi data ana nini kukuhusu. Data ikivuja kwa namna inayoweza kukudhuru, anayeihifadhi anatakiwa kumwarifu Kamishna ndani ya saa 72. Na si maneno ya karatasi tu: Septemba 2023 ofisi hiyo ilikitoza kilabu kimoja cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Mteja yule naye alikuwa mahali ambapo watu wote walimwona.

Kwa hiyo kaunti yako ikitangaza kamera mpya, usiishie kupiga makofi wala kuzomea. Nenda kwenye kikao cha wananchi ukaulize. Nani anaingia kwenye chumba cha kamera, na kila mmoja ana nywila yake? Video inakaa siku ngapi? Ikitoka, inaandikwa mahali? Nani anasoma maandishi hayo? Nyuso zinafichwa na nani, kabla au baada ya kutoka? Kama anayejibu anasema "hayo ni mambo ya kiufundi", mwambie fundi mmoja amekutuma, na amesema si ya kiufundi hata kidogo.

Mtaniuliza kuhusu yule mama. Alikuwa ameacha kuuza steji ile. Nilimpata upande wa pili wa soko, nyuma ya maduka ya nguo za mitumba, ambako wateja ni wachache. Nikamwamkia, nikanunua nyanya, nikazunguka, nikarudi. Mwishowe nikamwambia mimi ni nani na nilifanya nini.

Alinyamaza kidogo, akaendelea kupanga mafungu yake.

"Hiyo picha, mwanangu, unaweza kuirudisha?"

"Hapana, mama. Siwezi."

"Basi sogea kidogo, unanizibia wateja."

Nikasogea. Yule makanga, aliniambia baadaye, hupita kila Jumamosi kununua mboga kwake, na koti lake alirudishiwa likiwa limefuliwa.

Hayo ndiyo yangu ya leo. Kama unaandika programu ya kamera mahali fulani, fungua msimbo wako usiku wa leo na utafute kitufe kile. Tutaonana tena, Mungu akipenda, na safari ijayo nitarudi kwenye mambo mepesi.